Kanali Arthur Young: Kamishna Aliyejiuzulu Nairobi

Arthur Edwin Young alizaliwa Februari 1907 huko Eastleigh, mji wa reli na karakana katika jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza, wenye jina moja na ule mtaa maarufu wa Nairobi. Baba yake alikuwa mkandarasi wa majengo: hakuwa maskini, wala hakuwa mtu wa tabaka la mabwana. Kijana alisomeshwa Portsmouth Grammar School, shule yenye heshima yake, na wazazi walimtazamia kazi ya maana kuliko kuzunguka barabarani na filimbi. Yeye alitaka upolisi. Mwishoni mwa 1924, akiwa na miaka 17, aliingia polisi ya Portsmouth kama karani kijana, na mwaka uliofuata akavaa sare ya konstebo.

Kwa wakati ule uamuzi huo ulikuwa na gharama. Vyeo vya juu vya polisi ya Uingereza havikuwa vya watu waliopanda ngazi kutoka chini. Polisi ya London yenyewe ilikabidhiwa majenerali wastaafu. Lord Byng aliyeiongoza kuanzia 1928 alikuwa kamanda wa vita, na Lord Trenchard aliyemfuata alikuwa mwasisi wa jeshi la anga. Ilibidi kusubiri hadi 1958 ndipo London ikampata kamishna, Joseph Simpson, aliyewahi kuwa konstebo. Mtoto wa mkandarasi aliyeanza na ukonstebo alipaswa kujua kwamba huenda angestaafu akiwa inspekta, tena kwa bahati.

Kilichomwokoa Young ni muundo wenyewe wa polisi wa nchi hiyo. Uingereza haikuwa na jeshi moja la polisi la taifa. Kila mji mkubwa na kila jimbo lilikuwa na polisi wake, mkuu wake na bajeti yake, na kwa jumla vikosi hivyo vilizidi mia moja. Mtu mwenye akili na haraka aliweza kuhama kutoka kikosi kimoja hadi kingine, kila mara akipanda ngazi. Young alipitia upelelezi Portsmouth, akawa inspekta akiwa na miaka 30, na mwaka 1938 akateuliwa kuwa mkuu wa polisi wa Leamington Spa, mji mdogo wa watu wa kupumzika na maji ya tiba. Alikuwa na miaka 31. Kikosi kilikuwa kidogo, lakini alikuwa mkuu.

Vita vikamkuta hapo. Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliuteketeza mji jirani wa Coventry, na polisi wa eneo lote wakajifunza kazi ambayo haikuwamo katika mafunzo yao: kufukua watu vifusini, kuongoza umati usio na makazi, kuzuia uporaji. Mwaka 1941 Young alihamia Birmingham kama msaidizi wa mkuu wa polisi. Mwaka 1943, majeshi ya Marekani na Uingereza yalipoingia Italia, akapewa cheo cha kanali na kufanywa mkurugenzi wa usalama wa raia katika utawala wa muda wa kijeshi. Kazi ilikuwa kuendesha polisi wa nchi iliyoshindwa, polisi waliomtumikia Mussolini kwa miaka ishirini na ambao sasa walitakiwa kuwatumikia raia. Kuanzia hapo watu wakazoea kumwita Kanali Young, ingawa kwa kazi alibaki polisi.

Baada ya vita aliongoza polisi wa jimbo la Hertfordshire, akaingia Scotland Yard, makao ya polisi wa London, mwaka 1947 kama kamishna msaidizi, na mwaka 1950 akapata kiti alichokikalia hadi kustaafu: Kamishna wa Polisi wa City of London. City si London yote. Ni kiini cha kale cha jiji, eneo la takriban maili moja ya mraba, penye Benki Kuu ya Uingereza, soko la hisa na kanisa la Mtakatifu Paulo. Usiku hukaliwa na watu wachache mno. Asubuhi hufurika wafanyakazi kwa mamia ya maelfu. Lina polisi wake, wasio chini ya Scotland Yard, na wanaona fahari juu ya hilo. Kwa mkuu wa polisi mwenye nguvu ya umri wa miaka 43, eneo hilo lilikuwa dogo. Pengine ndiyo sababu serikali iliona rahisi kumwazima kila lilipotokea tatizo mahali pengine.

Tatizo la kwanza lilikuwa Gold Coast, Ghana ya leo. Februari 1948 polisi mjini Accra waliwafyatulia risasi askari wastaafu waliokuwa wakiandamana kwa amani kudai haki zao. Watatu waliuawa, na ghasia zilizofuata ziliharakisha safari ya nchi hiyo kuelekea uhuru. Mwaka 1951 Young alitumwa kukagua polisi na kuandika ripoti. Ilikuwa safari fupi. Lakini hapo ndipo alipoanza kuona kwa macho yake namna polisi wa koloni walivyotofautiana na polisi wa kwao. Konstebo wa Portsmouth, kwa nadharia angalau, aliwajibika kwa sheria, na meya hakuweza kumwamuru amkamate nani. Askari polisi wa koloni alikuwa mkono wa gavana.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi. Katika Malaysia ya leo, ambayo wakati huo ilikuwa shirikisho la masultani chini ya Waingereza, vita vya msituni dhidi ya wapiganaji wa kikomunisti vilikuwa vimeanza 1948. Oktoba 1951 wapiganaji walimvizia mtawala mkuu wa Kiingereza, Sir Henry Gurney, wakamuua barabarani. London ikampeleka Jenerali Gerald Templer na kumpa mamlaka ya kiraia na ya kijeshi kwa pamoja. Young akaazimwa kwa takriban mwaka mmoja awe kamishna wa polisi. Alikuta askari walioongezwa haraka kupita kiasi, wengi wakiwa na bunduki na mafunzo ya wiki chache tu. Isitoshe, askari walikuwa hasa Wamalay, ilhali waliotiliwa shaka walikuwa hasa Wachina, hivyo kila ukaguzi ulinuka ukabila.

Young aliwapunguza askari wa muda, akawarudisha darasani waliobaki, akajitahidi kuandikisha Wachina. Desemba 1952 alianzisha kampeni iliyoitwa Operesheni Huduma, ambapo polisi walitakiwa kumsaidia raia kwa jambo dogo dogo kila siku, kama vile kumwandikia barua asiyejua kusoma, na beji ya mikono miwili iliyoshikana ikawa alama yao. Waandishi wa mambo ya vita huisifu sana kampeni hiyo, na kweli ilikuwa na akili. Hata hivyo ni vema kukumbuka ilikofanyika. Wachina karibu nusu milioni walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa senyenge, na Machi 1952 Templer aliuadhibu mji mzima wa Tanjong Malim kwa amri ya kutotoka nje saa 22 kwa siku na kupunguziwa mchele. Tabasamu la polisi lilikuwa na Templer nyuma yake. Young alirejea London mwaka 1953 akiwa na sifa ya mtu anayejua kutengeneza polisi walioharibika.

Sifa hiyo ndiyo iliyomfikisha Nairobi.

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952 na Gavana Sir Evelyn Baring, kupambana na uasi wa Mau Mau. Polisi wakaongezwa mbio mbio. Masetla na vijana wao wakaingia polisi wa akiba, wengi wakiwa na hasira na bastola kuliko ujuzi wa sheria. Vijijini serikali ikaunda homugadi, walinzi walioitwa kamatimu na Wakikuyu wenzao, ambao kufikia 1954 walizidi 20,000. Hawa nao walikuwa na sababu ya kuogopa: usiku wa Machi 1953 huko Lari familia za watu wa upande wa serikali zilichomwa ndani ya nyumba zao, na kisasi kilichofuata kiliua watu wengi zaidi. Tangu hapo homugadi walipewa silaha zaidi na kuulizwa maswali machache zaidi.

Januari 1954 ujumbe wa wabunge wa Uingereza ulizuru Kenya na kurudi na taarifa kwamba ukatili na rushwa vimeenea ndani ya polisi kiasi cha kuvunja imani ya raia. Waziri wa Makoloni, Oliver Lyttelton, hakuweza kunyamaza. Akamwomba Young. Kamishna mpya aliwasili Machi 1954, na mwezi uliofuata jeshi likaizingira Nairobi katika Operesheni Anvil: mtaa kwa mtaa, Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapangwa foleni mbele ya watoa habari waliofunikwa vichwa, na maelfu kwa maelfu wakapakiwa malori kwenda kambini bila kesi.

Young hakuja kupinga ukoloni, na haifai kumpamba kwa nia ambayo hakuwa nayo. Alitaka Mau Mau washindwe. Alichoamini ni kwamba polisi hawezi kumkamata mwuaji mmoja na kumwacha mwingine kwa sababu huyo wa pili yuko upande wa serikali. Idara ya upelelezi, chini ya Duncan MacPherson, ikaanza kufungua mafaili ya mauaji, mateso na unyang'anyi uliofanywa na homugadi, na baadhi ya machifu waliokuwa wakiwaongoza. Hapo ndipo Young alipogongana na ukuta. Katika wilaya za Wakikuyu mtawala alikuwa mkuu wa wilaya, yaani DC. Yeye ndiye aliyewasimamia machifu, yeye ndiye aliyekuwa juu ya homugadi, na vituo vya mchujo, ambamo washukiwa walihojiwa na kupigwa, viliendeshwa chini ya kivuli chake. Mpelelezi aliyefika kuuliza nani kamuua mahabusu fulani alikuwa, kwa kweli, anamhoji DC.

Maofisa wa utawala walikuwa na hoja yao. Machifu na homugadi ndio waliosimama na serikali wakati wa hatari. Wakianza kufikishwa kortini, nani atabaki upande wetu? Gavana Baring aliikubali hoja hiyo. Chifu mmoja wa Nyeri aliposhukiwa kuhusika na kifo cha mtu aliyekuwa mikononi mwa walinzi wake, wakubwa wa utawala, hadi ngazi ya gavana, waliingilia kati kutaka jambo lisiendelee. Young alikataa. Aliungwa mkono na Mwanasheria Mkuu, John Whyatt, na wawili hao wakawa kama wageni ndani ya serikali waliyoitumikia.

Novemba 1954 Young alimwandikia Baring akieleza hali ya vituo vya mchujo na uhalifu uliokuwa ukifanywa humo, na kulalamika kwamba hakuona dalili ya serikali kuchukua hatua. Hakuwa akisimulia uvumi. Alikuwa kamishna wa polisi akimwarifu gavana kwa maandishi kuhusu makosa ya jinai. Mwezi uliofuata Jaji Cram, akitoa hukumu kuhusu kituo cha homugadi cha Ruthagathi, wilayani Nyeri, alianika mahakamani jinsi watu walivyofungiwa na kuteswa humo kinyume cha sheria ili waungame. Kwa hiyo mwisho wa 1954 hakuna aliyekaa Ikulu ya Nairobi aliyeweza kusema hakuambiwa.

Young alitaka jambo moja kwa uwazi: polisi wa Kenya wawajibike kwa sheria, wawe huru na utawala wa mikoa, na gavana alitamke hilo. Baring hakukubali. Mwishoni mwa Desemba 1954, baada ya miezi tisa hivi kazini, Young akajiuzulu.

Barua yake ya kujiuzulu ilikuwa moto. Waziri mpya wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, na Baring hawakutaka isomwe bungeni. Kilichotolewa kwa umma mwanzoni mwa 1955 kilikuwa maelezo mafupi yaliyolainishwa, yakionyesha kana kwamba tofauti ilikuwa ya muundo wa kiutawala tu. Tarehe 18 Januari 1955 Baring akatangaza msamaha wa pande mbili: wapiganaji wangejisalimisha bila kunyongwa kwa makosa ya nyuma, na homugadi wasingeshitakiwa kwa yale waliyokwisha kuyafanya. Mafaili aliyoyafungua MacPherson yakafungwa kwa tangazo hilo moja. Whyatt alipelekwa Singapore kuwa Jaji Mkuu, njia ya kistaarabu ya kumwondoa mtu anayesumbua.

Na Young alinyamaza. Alirudi kwenye kiti chake City of London, na kwa miaka yote iliyofuata hakusimama hadharani kueleza alichokiona. Wabunge wa chama cha Labour, hasa Barbara Castle, walidai barua ichapishwe, wakaambulia patupu. Castle alipofika Kenya Novemba 1955 kuchunguza mwenyewe, aliyempa habari kwa siri alikuwa MacPherson. Kwa mtumishi wa serikali wa kizazi kile ukimya ulihesabiwa kuwa uaminifu, na Young hakuwa mtu wa kuvunja desturi. Lakini kambi ziliendelea. Machi 1959 mahabusu 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Ushahidi wa kamishna wa zamani wa polisi, ungetolewa mapema na kwa sauti, ungekuwa na uzito ambao hotuba za upinzani hazikuwa nao. Heshima ya kujiuzulu kwake ni ya kweli. Nusu yake ililiwa na ukimya huo.

Miaka ya 1955 hadi 1969 ilikuwa tulivu kwa kulinganisha. Young alishughulika na mafunzo ya maofisa na namna ya kuwapata viongozi wa polisi kutoka ndani ya polisi wenyewe, jambo lililomgusa binafsi, na mwaka 1965 akapewa cheo cha Sir.

Kisha, akiwa na miaka 62, akaazimwa tena. Agosti 1969 Ireland ya Kaskazini ililipuka. Waprotestanti walio wengi walitawala jimbo hilo, Wakatoliki walidai usawa wa kura, nyumba na kazi, na polisi, waliojulikana kwa herufi RUC, walionekana na Wakatoliki kuwa jeshi la upande mmoja. Baada ya siku tatu za mapambano mtaani Bogside, mjini Derry, jeshi la Uingereza liliingia. Kamati ya Lord Hunt, yule aliyeongoza msafara uliofika kilele cha Everest mwaka 1953, ilipendekeza Oktoba 1969 kwamba RUC waache kubeba silaha na askari wao wa akiba, waliochukiwa mno na Wakatoliki, wavunjwe. Usiku wa kufuatia siku ripoti ilipotangazwa, Waprotestanti wenye hasira walifanya ghasia Belfast, na polisi wa kwanza kuuawa katika machafuko hayo, Victor Arbuckle, alipigwa risasi na watu waliodai kuwatetea polisi. Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, akamkabidhi Young kikosi hicho.

Safari hii alikuwa na serikali nyuma yake, na tofauti ilionekana. Bunduki zilikusanywa, askari wa akiba wakavunjwa kufikia masika ya 1970, na polisi wakajaribu kurudi mitaani mikono mitupu. Wengi ndani ya RUC walimwona kuwa mgeni laini aliyetumwa kuwadhalilisha. Mambo nje ya kambi za polisi yalimshinda mbio: Julai 1970 jeshi lilifunga mtaa wa Falls, Belfast, kwa amri ya kutotoka nje, jeshi la siri la IRA likapata vijana wapya, na Agosti bomu liliwaua polisi wawili huko Crossmaglen. Mwaka 1971, Young akiwa ameshaondoka, RUC walianza kurudishiwa silaha.

Kesi moja huko Derry ilimrudisha kwenye mambo aliyoyajua. Aprili 1969 polisi waliingia nyumbani kwa Samuel Devenny wakampiga mbele ya watoto wake, naye akafariki Julai. Young alileta wapelelezi wa Scotland Yard wachunguze, na hakuna askari aliyekubali kutaja jina la mwenzake. Kabla ya kuondoka Novemba 1970, Young alisema hadharani kwamba ndani ya kikosi chake mwenyewe kulikuwa na njama ya kunyamaza. Kauli hiyo iliwaudhi wengi, na hakuna aliyeshitakiwa. Kejeli ya historia ni kwamba mpelelezi aliyeongoza uchunguzi huo, Kenneth Drury, alifungwa jela mwaka 1977 kwa rushwa.

Sir Arthur Young alistaafu 1971 na kufariki Januari 1979. Karatasi zake zikahifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford, zikiwamo zile za Kenya. Wanahistoria David Anderson na Caroline Elkins walizitumia katika vitabu walivyovichapisha mwaka 2005, na baadaye wote wawili wakawa mashahidi wa wazee wa Kenya walioishitaki serikali ya Uingereza jijini London kwa mateso ya kambini. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alitangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Alikiri bungeni kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, akaeleza masikitiko ya serikali yake, na akasema serikali hiyo haikubali kuwajibika kisheria. Yale aliyoyakiri Hague mwaka 2013, Baring aliyasoma mezani kwake mwaka 1954, yameandikwa na kamishna wake wa polisi.